Upinde wa Kuchonga Nyumbani: Ushauri kwa Mkazi wa Kiambi

Hapa kwetu kando ya mto Luvua, mtu akipita barabarani na upinde begani hutazamwa mara mbili. Wapo wanaomkumbuka Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki akamzaa Kalala Ilunga, ambaye masimulizi ya Baluba humtaja kuwa mwanzo wa ufalme wao. Wapo pia wanaokumbuka mapigano ya Batwa na Baluba yaliyoanza mwaka 2013 upande wa Nyunzu, yakasambaa Kabalo, Manono na hata upande wa Kalemie, hospitali zikawa zinapokea majeruhi wa mishale, na vijiji vizima vikahama. Kumbukumbu zote mbili ni zetu. Anayetaka kuchonga upinde Kiambi leo hawezi kuichukua moja akaiacha nyingine.

Mimi nasema achonge. Ufundi huu tumeurithi kwa wazee, na vifaa vyake viko mlangoni: miti ya miombo, matete ya mtoni, nta ya warina asali, uzi wa fundi cherehani. Lakini achonge upinde wa kulenga shabaha, si wa kuwinda wala wa kujilinda, na nia hiyo iongoze kila hatua kuanzia kuchagua mti. Upinde wa shabaha huvutwa kwa nguvu ndogo, mshale wake una ncha butu, na mwenyewe anaweza kukaa nao barazani bila jirani kufunga mlango. Yote nitakayoeleza hapa ni ya upinde wa namna hiyo.

Tuanze na mti, kwa sababu upinde mwingi unaovunjika huwa umeshaharibika siku ya kukatwa. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, mti unaopendwa ni mkole. Ni mti mdogo, una nyuzinyuzi ndefu, na fimbo yake hupinda bila kukatika. Jina lake hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo usitafute jina, tafuta tabia. Waulize wachoma makaa na warina asali, maana wao huijua miti kwa mikono. Kisha ujaribu mwenyewe: kata tawi la unene wa kidole, liache likauke kivulini, halafu lipinde polepole mpaka liwe kama nusu ya duara. Likivunjika upesi, huo si mti wako. Likibaki limepinda baada ya kuliachia, vilevile si mti wako. Unaoutaka ni ule unaokataa kupinda, kisha unakubali, kisha unarudi ulivyokuwa.

Shina la kukata liwe limenyooka, la unene wa sentimita 8 hadi 10, na urefu wa kama mita 1.80 ili ubaki na akiba ya kupunguza. Tazama gome kabla hujainua panga. Mistari ya gome ikizunguka shina, mti wa ndani nao umejisokota, na upinde utakaotoka humo utajipinda upande hata uuchonge vipi. Vifundo viwili vitatu vidogo vinavumilika, ila kifundo kikubwa katikati ya mkono wa upinde ni kaburi lake. Omba ruhusa kwa mwenye shamba au kwa chifu wa kijiji. Na usiuguse mninga wala mukula kwa kazi hii. Mukula umefyekwa sana Katanga kwa ajili ya soko la China, na hakuna sababu ya kuongeza panga letu juu ya misumeno hiyo.

Wakati mzuri wa kukata ni mwanzo wa kiangazi, mvua inapokwisha mwezi wa Mei. Mti uliokatwa hapo una miezi mitano hivi ya hewa kavu mbele yake. Pasua shina katikati kwa kabari za mti mgumu, ukianzia kwenye ncha moja na kufuata ufa unavyokwenda wenyewe. Usiulazimishe ufa kufuata macho yako. Kutoka shina moja utapata vipande viwili, yaani pinde mbili, au upinde mmoja na kipande cha akiba. Paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili za kila kipande siku hiyohiyo. Maji hutoka haraka zaidi penye ncha, na ncha ikikauka kabla ya katikati hupasuka, kisha ufa hutembea ndani.

Vipande vilazwe juu ya vijiti, kivulini, penye upepo. Dari la jikoni ni mahali pazuri baada ya wiki za mwanzo, kwa kuwa moshi na joto la mbali hukausha na kuzuia wadudu. Jua kali ni adui. Utajuaje kuwa mti umekauka? Wengi hugonga wakasikiliza, na sauti kweli hubadilika, lakini iko njia ya uhakika zaidi. Kipeleke kipande chako dukani kwa mtu mwenye mizani, kipime, na uandike uzito kwa mkaa ukutani. Rudi baada ya wiki mbili, upime tena. Uzito ukiacha kushuka, mti umekauka. Ukiona bado unashuka, subiri, maana mti mbichi ukipindwa hushika mkunjo na haurudi tena.

Wakati mti unakauka, elewa kitu kimoja kuhusu upinde, kwani kila hatua ya kuchonga inatoka hapo. Upande unaoelekea shabaha tuuite mgongo, na upande unaomwelekea mvutaji tuuite tumbo. Ukivuta uzi, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Mti hukatika mgongoni, ambako nyuzi zake zinavutwa kama kamba. Kwa hiyo mgongo wa upinde ni sehemu ya mti iliyokuwa chini ya gome, nayo haiguswi na panga wala tezo. Unabandua gome kwa uangalifu, unakwangua utando wa ndani kwa kisu butu au kipande cha mti, basi. Kuchonga kote kunafanyika upande wa tumbo na mbavuni. Fundi mgeni akiuona mgongo una mawimbi na vinundu hutamani kuulainisha. Asithubutu. Ukikata unyuzi mmoja wa mgongo, umeuonyesha ufa mahali pa kuanzia.

Sasa vipimo. Mtu mzima wa kimo cha kawaida huvuta uzi kiasi cha sentimita 65 hadi 70 kutoka mshiko. Upinde wake uwe na urefu wa mita 1.60 hadi 1.70. Mfupi zaidi ya hapo utabanwa mno. Chora mstari wa katikati kuanzia ncha hadi ncha kwa uzi uliopakwa mkaa, kama wafanyavyo maseremala. Acha sentimita 10 katikati kwa ajili ya mshiko, pawe panene zaidi kidogo ili pasipinde. Kutoka hapo mikono miwili iwe na upana wa sentimita 4 karibu na mshiko, ikipungua taratibu hadi sentimita 1.5 kwenye ncha. Unene uanzie kama sentimita 2 na upunguzwe polepole. Mti wetu wa miombo ukichongwa mpana na mwembamba huvumilia kubanwa kuliko ukichongwa mviringo kama fimbo.

Toa mti mwingi kwa panga na tezo, lakini vyombo hivyo uviweke chini mapema. Watu wengi huendelea na panga mpaka karibu na mstari, na pigo moja la mwisho linakwenda na wiki nzima ya kazi. Ukibakiza nusu sentimita juu ya kipimo, chukua tupa, kisu, na kigae cha chupa. Kigae cha chupa iliyovunjika ni chombo ambacho fundi hapaswi kukidharau: ukikishika kwa kitambaa, ukakiinamisha kidogo kuelekea kwako na kukivuta kwa mikono miwili, hutoa ukwangu mwembamba wenye kujikunja, laini kuliko karatasi, bila kung'oa nyuzi hata karibu na kifundo. Makali yakiisha, kivunje tena upate makali mapya. Penye kifundo bakiza mti zaidi kidogo kuzunguka, kwa sababu kifundo ni mahali dhaifu panapojifanya pagumu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye moyo wa kazi, nami nitakaa hapa kuliko pengine. Upinde si mti uliochongwa kwa umbo la upinde. Ni mti uliofundishwa kupinda sawasawa pande zote mbili, na kufundisha huko kuna taratibu yake.

Kwanza, weka ncha moja chini, shika mshiko, na uegemee taratibu ili mkono wa chini upinde. Tazama mpindo wake. Geuza, fanya hivyo kwa mkono wa pili. Kwangua penye ukaidi, yaani pale pasipopinda, na usiguse pale panapopinda kuliko pengine. Kanuni nzima ya ufundi huu imo katika sentensi hiyo, na ni rahisi kuisahau mkono ukishapata moto. Mikono yote miwili ikianza kuinama kwa namna moja, kata vijikato vya kushikia uzi kwenye ncha, mbavuni tu, si mgongoni, kisha funga uzi mrefu uliolegea.

Tengeneza ubao wa kufundishia: mti wa urefu wa mita moja, juu una panda ya kukalisha mshiko, na ubavuni una vijikato kila baada ya sentimita 5. Kalisha upinde juu, vuta uzi mpaka kijikato cha kwanza, na usimame mbali hatua tano. Ukisimama karibu, jicho hudanganywa. Tazama kama mkono wa kushoto na wa kulia ni mapacha. Kasoro mbili zitajitokeza mara kwa mara. Moja ni mahali pamoja panapokunjika kama bawaba wakati pengine pamelala. Hapo acha kabisa, kwangua kwingine kote mpaka kufanane. Ya pili ni mkono mmoja kuwa mgumu kuliko mwenzake. Kwangua huo mgumu kwa urefu wake wote, si mahali pamoja. Kila ukishakwangua, vuta na kuachia polepole mara ishirini au thelathini kabla ya kutazama upya, kwa maana mti huchelewa kupokea habari ya ulichoutoa. Ukiona sawa, shuka kijikato kimoja. Usishuke kijikato kipya wakati cha juu yake bado kina kasoro.

Tumboni nako kuna ishara ya kuangalia. Zikitokea nyufa nyembamba zinazokwenda kukingama, kama mikunjo ya ngozi ya kiwiko, mti umepondwa hapo. Upinde huo unaweza kuendelea kupiga ukipunguziwa nguvu, lakini ushajulisha mpaka wake.

Nguvu ya kuvuta ipimwe kwa mizani ileile ya kuning'iniza wanayotumia wauza samaki. Ingiza ndoano yake kwenye uzi na uvute mpaka urefu wako. Kwa anayeanza, kilo 10 hadi 14 zinatosha, kwa kijana wa miaka kumi na miwili kilo 6 au 7. Najua vijana watataka zaidi, kwa sababu sifa za upinde zimekuwa sifa za nguvu. Waata wa upande wa Tsavo, Kenya, walijulikana kwa pinde nzito ambazo mtu asiyezizoea hawezi kuzivuta, nao Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, huvuta pinde ngumu zenye urefu unaokaribia kimo cha mtu. Lakini hao walikua nazo tangu utotoni, na walizihitaji kwa nyama. Mwenye kulenga shabaha akivuta upinde mzito kuliko mwili wake hutetemeka, bega linaumia, na mshale unakwenda usikotakiwa. Na usiuvute upinde unaoufundisha kupita nguvu uliyoikusudia, hata mara moja kwa kujaribu.

Harakaharaka hapa haina nafasi, wala haikuwa nayo zamani. Mwaka 1991, mpakani mwa Austria na Italia, watembea milimani waliukuta mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, umehifadhiwa na barafu. Alikuwa na upinde wa urefu wa mita 1.82 ambao bado hajaumaliza kuuchonga, na podo yenye miti 14 ya mishale, ambayo 12 kati yake ilikuwa bado haijawa mishale. Alama za kuchonga bado zinaonekana juu ya upinde ule. Uchunguzi wa baadaye ulimkuta na kigumba cha jiwe ndani ya bega la kushoto, na hicho ndicho kilichomuua. Mtu yule alikuwa fundi wa mishale na majeruhi wa mshale kwa wakati mmoja, hali ambayo watu wa jimbo letu hawahitaji kuelezwa.

Uzi wa upinde ni kazi ya jioni mbili. Wahadzabe hutumia kano za wanyama, na msituni kwetu Kongo wapo wanaotumia ngozi ya nje ya mtambaazi ulio kama henzirani. Nyumbani Kiambi, uzi wa polista wa fundi cherehani ni bora kuliko nailoni ya nyavu, kwa kuwa nailoni hunyooka kila ukivuta na upinde unapoteza nguvu. Kusanya nyuzi ndefu kuzidi upinde kwa nusu mita, zigawe mafungu mawili, zipake nta ya nyuki mpaka zishikamane. Kila fungu lisokote kuelekea mbele, kisha ulizungushe juu ya mwenzake kuelekea nyuma. Misokoto hiyo miwili inapingana, na kwa kupingana inashikana. Ncha moja iwe na kitanzi, nyingine ifungwe kwa fundo la kuzungusha mara tatu ambalo hukaza likivutwa na kufunguka kwa mkono.

Kabla ya kuuamini, ujaribu. Uzi unatakiwa ubebe angalau mara nne ya nguvu ya upinde. Kwa upinde wa kilo 12, tundika gunia la mihogo la kilo 50 kwenye uzi huo, kwenye boriti, na uliache lining'inie usiku kucha. Asubuhi ukikuta gunia liko juu, uzi ni mzima. Upinde ukiwa umefungwa, nafasi kati ya mshiko na uzi iwe ngumi moja na kidole gumba kikiwa kimesimama, yaani kama sentimita 15.

Kuna kosa moja ambalo huua upinde mzuri ndani ya sekunde: kuvuta uzi na kuuachia bila mshale. Nguvu ambayo ingekwenda na mshale hurudi kwenye mti wenyewe. Wageni na watoto hufanya hivyo wakidhani wanajaribu. Waeleze kabla hujawapa.

Mishale ina ugumu wake, na mafundi wengi watakuambia kuwa upinde wa wastani wenye mishale mizuri hushinda upinde bora wenye mishale mibaya. Nakubaliana nao. Matete ya kando ya Luvua yanafaa sana. Yachague wakati wa kiangazi, yaliyokomaa na kugeuka manjano, ya unene wa kidole kidogo, na ukate mengi kuliko unayohitaji, kwa sababu shida ya mishale ni kufanana. Mishale sita inayofanana uzito na ugumu itakufundisha kulenga. Mishale sita tofauti itakufundisha kubahatisha. Uti uliopinda upashe joto juu ya makaa yasiyo na mwali, ukiuzungusha, kisha uunyooshe polepole na kuushikilia mpaka upoe. Urefu wake: weka nyuma ya mshale kifuani, nyoosha mikono yote miwili mbele viganja vikitazamana, na ncha ipite vidole kidogo.

Mkato wa nyuma unaokaa juu ya uzi ukatwe karibu na pingili, ukiiacha pingili mbele ya mkato, na chini yake uzungushie uzi uliopakwa gundi ili tete lisipasuke. Mshale mzima usiwe mwepesi mno. Kwa upinde wa kilo 12, gramu 18 hadi 20 ni kipimo kizuri. Mshale mwepesi sana huuchosha upinde kama vile umeachiwa mtupu.

Manyoya yatoke bawa moja. Hili halina mjadala: kila unyoya una mkunjo wake, na manyoya ya bawa la kushoto na la kulia hujikunja pande tofauti, kwa hiyo ukichanganya mshale unayumba. Manyoya ya jogoo mkubwa yanatosha, ya kanga ni bora. Pasua unyoya katikati ya uti wake kwa wembe, kata vipande vitatu vya sentimita 10, vigawe sawa kuzunguka mshale, na uvifunge kwa uzi mwembamba mbele na nyuma, tone la gundi kila mwisho. Wambuti wa Ituri huweka jani moja gumu kwenye ufa nyuma ya mshale badala ya manyoya, na kwa umbali mfupi wa msituni linatosha. Kwa shabaha ya mita 15 au 20 uwanjani, nenda na manyoya.

Kuhusu ncha, niseme waziwazi. Chomeka kipande cha mti mgumu mbele ya tete, ukikibakiza butu na cha mviringo, au mwombe mhunzi akukatie msumari mnene usio na kichwa, ukauzamisha ndani ya tete na kubakiza ncha fupi isiyo na ndoano. Hiyo inatosha kuingia kwenye gunia. Vigumba vyenye ndoano mhunzi wetu anavijua sana, lakini havina kazi katika mchezo wa shabaha. Kazi ya ndoano ni kubaki mwilini. Sumu nayo usiiulize. Wengine hutumia maganda ya risasi kama ncha butu, na kweli huenea vizuri kwenye uti, ila katika jimbo ambalo vita vimeacha vyuma ardhini, kuokota ganda ni kumzoesha mtoto kuokota kila anachokiona king'aacho. Tumia mti.

Vijana watauliza kuhusu nyama. Upinde wa kilo 12 wenye ncha butu hauui mnyama kwa heshima, unamjeruhi akafie mbali. Aidha uwindaji katika nchi yetu una sheria yake, ile ya tarehe 28 Mei 1982, nayo hudai kibali. Anayetaka kuwinda ana njia nyingine ya kufuata, na si ya makala hii.

Mahali pa kupigia Kiambi tumejaliwa. Katanga nzima ina vichuguu vikubwa kama nyumba, na kichuguu kilichohamwa ni ukuta usiopenyeka. Jaza gunia kwa maganda ya mahindi na vitambaa vilivyoshindiliwa sana, litegemeze kwenye kichuguu, na chora duara kwa chokaa. Usipige kamwe pasipo na kichuguu au kilima nyuma, hata kama gunia ni kubwa. Mshale wa upinde mdogo huruka zaidi ya mita mia, na njia za mashambani kwetu hazina saa ya kupitiwa. Wapigaji wote wasimame mstari mmoja, na hakuna anayekwenda kuokota mpaka pinde zote zimelazwa chini.

Kazi ikiisha, fungua uzi. Upinde unaoachwa umefungwa usiku kucha hushika mkunjo. Ulaze juu ya vigingi viwili ukutani, usiuegemeze pembeni. Baluba wa zamani waliutafutia upinde mahali pake hasa: vishikio vya mti vyenye panda tatu, mara nyingi vikiwa na umbo la mwanamke lililochongwa chini ya panda, vilivyotokana na ile panda ambayo mwindaji alitundikia pinde zake. Kwa wafalme, kishikio hicho kilikuwa alama ya mamlaka, kikatunzwa ndani ya nyumba maalumu, mbali na macho ya watu. Leo vingine viko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na ya Metropolitan huko New York. Sisi wenyewe tunaweza kuanza na vigingi viwili. Paka upinde mafuta ya mawese yaliyochujwa vizuri, kidogo tu, mara mojamoja wakati wa mvua, na uufute.

Njiani tembea nao umefunguliwa uzi na kufungwa kwa kitambaa, mishale ndani ya podo yenye kifuniko. Ipake mishale rangi kali, nyekundu au njano, ionekane kwa mbali kuwa ni ya mchezo. Mweleze chifu na jirani kabla ya siku ya kwanza ya kupiga, na uwaalike waje kuona gunia lako. Haya si adabu tu. Kuna mama hapa ambaye akiona mishale mitatu kwenye mkono wa mtu asiyemjua huwakusanya watoto wake, na ana haki.

Kilichobaki hakiandikiki. Jinsi mti unavyolia kabla ya kukatika, au ni jani gani huonyesha kuwa tete limekomaa, hujifunzwa kwa kukaa na anayejua, na kwa upande huu wanaojua zaidi ni wazee wa Kitwa. Basi kabla ya kukata mti wako wa kwanza, mtafute mmoja wao, mpelekee salamu kama unavyompelekea mzee yeyote, na mpatane malipo ya mafunzo. Mlipe kama unavyomlipa seremala au fundi wa pikipiki, faranga mkononi, na umlipe kabla kazi haijaanza.